Neno "Kutii" katika Waefeso

Biblia yetu ya Kiswahili yatumia "kutii" kwa wake (5:22) na kwa watoto (6:1). Kiyunani kina maneno mawili. Watoto waambiwa hupakuo, yaani kusikia na kutenda. Kwa wake ni hupotasso, kujiweka chini. Tena katika hati za kale kadhaa mstari wa 22 hauna kitenzi chake, bali huazima cha 21, ambapo Wakristo wote wajiweka chini, kila mtu kwa mwenzake. (Tusizidishe: Petro amtaja Sara kwa neno la watoto.) Mpaka wake twauona katika Matendo 5:29, Mitume walipoikataa amri ya baraza.

Huku Newala na Masasi, ambako ukoo hufuata mama, mume mwingine hulishika andiko hili ili kumnyamazisha mkewe pamoja na mjomba wa mkewe. Walimu mnaoletewa mashauri ya ndoa, mwulizeni kwanza kama ameusoma mstari wa 21.