Fedha za Umma na Utoaji Mimba: Kutofautiana kwa Heshima

Tangu mwaka 1976, Bunge la Marekani huambatisha kwenye bajeti kifungu cha Hyde, kinachozuia fedha za serikali ya shirikisho kulipia utoaji mimba. Leo kinaruhusu tu pale uhai wa mama unapokuwa hatarini, au mimba inapotokana na ubakaji au kujamiiana kwa maharimu. Mwaka 1980 Mahakama ya Juu ilikiidhinisha kwa kura 5 dhidi ya 4.

Wanaokitetea husema mlipakodi asilazimishwe kugharimia jambo ambalo dhamiri yake huliona kuwa ni kuua. Wanaokipinga husema haki ambayo maskini hawezi kuilipia hubaki kuwa ya wenye nacho.

Anayetaka kujibu hoja aieleze kwanza kwa namna ambayo mwenye hoja ataikubali. Kisha atenganishe maswali matatu: maadili yasemaje, sheria iruhusu nini, na nani alipe. Wapo wanaoafikiana katika la pili na kutofautiana katika la tatu.

Wodini, hata hivyo, mjadala husubiri. Mwanamke anayevuja damu baada ya mimba kuharibika atibiwe mara moja, bila lawama.