Umeme wa Jua katika Majengo ya Umma: Hesabu ya Zahanati

Nishati ya jua haina bei, lakini vyombo vya kuinasa vina bei. Kwa hiyo kabla ya kijiji au mji mdogo kununua chombo hata kimoja, yapasa kufanya hesabu. Tuchukue mfano wa zahanati ya kufikirika huko Nduruma, katika tambarare zilizo chini ya Mlima Meru.

Seli ya jua hutengenezwa kwa silikoni. Mwanga unapoipiga, elektroni husukumwa upande mmoja na mkondo wa umeme hupita. Seli ya kwanza ya silikoni yenye manufaa ilionyeshwa Marekani mwaka 1954, katika maabara za Bell. Iligeuza kiasi cha asilimia 6 tu ya mwanga kuwa umeme. Paneli za siku hizi hufikia asilimia 20 na zaidi.

Hatua ya kwanza ni kujua mahitaji. Tuseme zahanati ina taa 6 za wati 10, nazo huwaka saa 5 kila usiku: 6 × 10 × 5 = wati-saa 300. Jokofu la chanjo tulikadirie wati-saa 600 kwa siku. Jumla ni 900.

Hatua ya pili ni paneli. Joto, vumbi, nyaya na betri hupoteza sehemu ya umeme. Tukadirie asilimia 30. Hivyo paneli sharti zitoe 900 ÷ 0.7, yaani karibu wati-saa 1,290 kwa siku. Mwezi Juni na Julai mawingu hutanda Arusha, basi tuhesabu saa 4 tu za jua kali: 1,290 ÷ 4 = wati 323 hivi. Anayehesabu kwa jua la Januari atakuwa gizani Julai.

Hatua ya tatu ni betri. Kwa siku 3 za mawingu zahitajika wati-saa 2,700. Betri ya risasi na asidi huharibika upesi ikitumiwa mara kwa mara zaidi ya nusu ya uwezo wake. Hivyo tununue ya wati-saa 5,400, yaani ampea-saa 450 kwa volti 12.

Paneli zielekezwe wapi? Nduruma iko kama nyuzi 3½ kusini mwa ikweta. Mwishoni mwa Juni jua la adhuhuri huwa kaskazini, nyuzi 27 hivi kutoka utosini. Kwa kuwa ndiyo miezi ya mawingu, paneli zitazame kaskazini, zikiinama nyuzi 10 hadi 15, ili mvua nayo ioshe vumbi.

Lakini hesabu iliyo ngumu zaidi si ya fizikia. Paneli yaweza kudumu miaka 25. Betri ya risasi hudumu michache tu. Ni nani atakayeongeza maji ya betri, na fedha za betri mpya zitatoka fungu gani? Chanjo nyingi hutakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8 za Sentigredi, na iliyoharibika kwa joto aghalabu haitambulikani kwa macho. Jokofu likizimika bila mtu kujua, mtoto atachomwa sindano isiyomkinga. Kwa hiyo jina la mtunzaji na fungu la betri viandikwe siku ileile paneli zinapopandishwa paani.

Zoezi: Pima mahitaji ya umeme ya shule yako kwa siku moja, kisha kadiria paneli na betri kwa hatua hizi tatu.