Kamba Mdogo wa Ziwa Viktoria

Mwanamke anunuaye omena katika soko la Otonglo, karibu na Kisumu, huenda akakuta ndani ya fungu lake vijidudu vyenye miguu mingi. Hao si wadudu bali ni kamba. Wajaluo huwaita ochong'a. Urefu wao ni kama inchi moja.

Kamba wakubwa wa pwani hutaga mayai baharini na kuyaacha, na wana wao hukulia penye mikoko. Kamba jike wa ziwani hubeba mayai yake chini ya tumbo mpaka yaanguliwe. Hula mwani na mabaki ya mimea iliyooza. Mchana hukaa chini gizani, hata mahali penye hewa haba, ambapo mbuta hawezi kumfuata; usiku hupanda juu, na hapo nyavu na taa za wavuvi wa omena humkuta.

Mbuta aliletwa ziwani katika miaka ya 1950, na kufikia miaka ya 1980 fulu walikuwa wamepungua mno. Ndipo kamba hawa walipoongezeka, wakawa chakula kikuu cha mbuta wachanga. Basi gunia la kamba linalouzwa kwa watengenezao chakula cha kuku, pamoja na majike wenye mayai waliomo, limetolewa kinywani mwa samaki ambaye mvuvi yule yule atamtafuta mwakani.