Mafuta ya Mchaichai: Faida Zake na Hadhari Zake

Wakulima wengi wa Singida wana shina la mchaichai karibu na nyumba, nao hulijua kwa chai tu. Lakini ndani ya majani yake mna mafuta yenye harufu ya limau, yamfaayo sana mfugaji wa nyuki, tena yawezayo kumdhuru asiyeyajua. Imempasa kila mwenye mizinga ayafahamu mambo haya kabla ya kufungua chupa.

1. Asili ya mafuta. Mvuke wa maji moto hupitishwa katika majani, kisha hupozwa ukawa maji, na mafuta huelea juu. Kilo 100 za majani mabichi hutoa gramu 200 hadi 500 tu za mafuta. Basi chupa ndogo ya mililita 10 ina nguvu ya majani ya kilo 2 au zaidi. Kwa hiyo aliyezoea kunywa chai ya mchaichai asidhani kwamba aweza kunywa na mafuta yake. Sehemu kubwa ya mafuta hayo ni sitrali, nayo ndiyo iletayo harufu ya limau.

2. Kazi yake katika mizinga. Nyuki ana tezi karibu na ncha ya tumbo, ambayo kwayo hutoa harufu ya kuwaita wenzake. Katika harufu hiyo mna sitrali pia. Ndiyo sababu kundi linalotafuta makao huvutwa na mzinga wenye harufu ya mchaichai. Fanya hivi:

(a) Safisha mzinga mtupu, ondoa buibui, sisimizi na masega ya zamani.
(b) Paka nta ya nyuki ndani yake.
(c) Tia matone 2 au 3 ya mafuta katika kitambaa kidogo, ukiweke ndani, mbali na mlango.
(d) Tundika mzinga kabla ya majira ambayo nyuki huhamia kwenu. Harufu ikipungua, rudia.

Usizidishe matone, kwa maana harufu kali mno huwafukuza nyuki. Asiye na mafuta asugue majani mabichi ndani ya mzinga, wala hana haja ya kununua kitu. Tena usiende kufungua mzinga wenye nyuki hali unanukia mafuta haya au manukato yoyote.

3. Hadhari. Mafuta yasiyochanganywa huwasha ngozi, na baadhi ya watu hutokwa na vipele. Atakaye kujipaka achanganye matone yasiyozidi 10 katika mililita 100 za mafuta ya alizeti, ajaribu kwanza mahali padogo mkononi, angoje siku moja. Watoto wadogo wasipakwe. Yakiingia machoni, osha kwa maji safi mengi kwa muda wa dakika 15. Mtoto akiyanywa, usimtapishe, kwa kuwa yaweza kuingia mapafuni; mpeleke hospitali mara moja pamoja na chupa. Mafuta haya hushika moto upesi, basi yasiwekwe karibu na jiko wala taa.

4. Mbu. Ni kweli kwamba mbu huichukia harufu hii, lakini hutoweka baada ya muda mfupi, na mbu wa malaria huuma usiku kucha. Mtu asiache chandarua chenye dawa kwa kutegemea mafuta.

5. Kuhifadhi. Tumia chupa ya kioo cheusi, ifungwe vizuri, ikae mahali pa baridi pasipo mwanga. Andika jina juu yake, uiweke mbali na watoto. Mafuta yaliyochakaa kwa hewa na jua huwasha ngozi kuliko yaliyo mapya.

6. Kupanda. Pasua shina la zamani, upande vichipukizi vyenye mizizi mvua za Desemba zikianza, kwa nafasi ya sentimita 60. Mchaichai hauvumilii kiangazi kirefu cha Singida bila maji. Upande karibu na kisima au mahali yamwagwapo maji ya kuogea. Usiunyweshe maji ya ziwa Singidani wala Kindai, maana yana chumvi. Kata majani sentimita 10 hadi 15 juu ya ardhi, ili shina lichipue tena.

Mashina machache yatosha kwa chai ya nyumbani na kwa mizinga yako yote.