Somo la Damu: Askari wa Mwili na Kifua Kikuu

Ukichomwa kidoleni waona tone jekundu tu. Lakini ndani ya tone hilo mna jeshi zima. Tujifunze habari zake.

1. Askari ni nani?
Chembe nyekundu za damu huchukua hewa safi mwilini. Chembe nyeupe ndizo askari. Katika milimita moja ya ujazo ya damu ya mtu mzima mwenye afya mna chembe nyeupe kama 4,000 hadi 10,000, nazo si za namna moja. Neutrofili hutangulia vitani. Monositi hutoka katika damu, huingia mapafuni na huko huwa walaji wa vijidudu. Limfositi humtambua adui, na baadhi yao huwapa wenzao amri.

2. Vita mapafuni
Kijidudu cha kifua kikuu, ambacho Robert Koch alikitangaza mwaka 1882, huingia kwa pumzi. Mlaji hukimeza, lakini ngozi yake ina mafuta magumu, hakifi upesi. Basi askari hukizunguka kama boma. Watu wengi hukaa na boma hilo maisha yao yote bila kuugua.

Ni nini kinachobomoa boma? Njaa, ulevi, kisukari, na virusi vya UKIMWI, ambavyo huua limfositi wenye kutoa amri. Sisi wa Lubumbashi tukumbuke migodi pia: mlaji akimeza vumbi laini la mawe, hudhoofika na kufa. Kwa hiyo mchimbaji asidharau kikohozi chake.

3. Damu ya mgonjwa
Mara nyingi neutrofili na monositi huongezeka, na limfositi hupungua. Je, wamekufa wote? La, wengine wamehama damu kwenda kupigana mapafuni. Chembe nyekundu nazo hupungua, ndiyo sababu moja ya mgonjwa kuchoka. Dawa zikifanya kazi, hesabu hurudi polepole.

Lakini magonjwa mengine pia hubadili damu hivi. Kwa hiyo usishangae mganga akikuomba makohozi. Humo hutafutwa kijidudu chenyewe.

4. Jihadhari
Matibabu ya kawaida ni miezi 6: miezi 2 ya dawa nne, kisha miezi 4 ya dawa mbili. Baada ya majuma machache homa hukoma, chakula huwa kitamu, na mgonjwa husema, “Nimepona.” Hajapona! Vijidudu vingine vimelala tu, na askari peke yao hawawezi kuvimaliza. Ukiacha dawa vitaamka, na huenda dawa zilezile zisiviweze tena. Utawaambukiza watoto wako ugonjwa mgumu kuliko wako.

Mwenye kikohozi cha majuma mawili aende kupimwa. Dawa hutolewa bure.

Maswali
1. Kwa nini limfositi hupungua katika damu?
2. Vumbi la mgodi huwadhuru askari gani?
3. Jirani yako ameacha dawa mwezi wa pili. Utamwambia nini?