Kuchomoa flashi kwa amri

SWALI: Kompyuta yangu ya Linux naiendesha kwa kuandika amri tu. Nikimaliza kunakili mafaili kwenye flashi, naichomoa papo hapo. Kuna ubaya?

JIBU: Upo. Linux haiandiki kila kitu kwenye flashi palepale. Data hukaa kwanza kwenye RAM, kisha huandikwa taratibu. Kwa hiyo cp inaweza kumaliza huku faili la GB 2 likiwa bado njiani. Ukichomoa wakati huo, utakuta faili nusu, au flashi nzima haisomeki.

Anza na lsblk uone flashi imepewa jina gani. Tuseme ni sdb, na sehemu yake sdb1. Andika:

udisksctl unmount -b /dev/sdb1

Ikikawia, iache, ndiyo inamalizia kuandika. Kisha ikatie umeme:

udisksctl power-off -b /dev/sdb

Kama huna udisksctl, sudo umount /dev/sdb1 yatosha kulinda data. (Ni umount, bila n ya kwanza, wengi hujikwaa hapo.) Amri ya eject ipo pia, lakini hasa ni ya CD.

Ukijibiwa "target is busy", mara nyingi mkosaji ni wewe: bado umo ndani ya folda ya flashi. Andika cd, utoke. Ikikataa bado, sudo fuser -vm /dev/sdb1 itakutajia programu iliyoing'ang'ania, ifunge. Utashauriwa utumie umount -l. Kwa flashi mimi siipendi: huiondoa folda machoni pako tu, na uandishi waweza kuwa bado unaendelea.