TAFAKURI YA LEO: Nesi anayesubiri ajira

Ndugu zangu wa Mwembesongo.

Tunao vijana waliomaliza uuguzi. Leseni wanayo, kila tangazo la Ajira Portal wanaomba, miaka inapita jina halitoki. Halafu anatokea mtu: "Toa laki tano, nikupitishie."

Hapo ndipo funga inapopimwa. Saa kumi na mbili jioni uji uko jamvini, njaa tunayo, lakini hatugusi mpaka adhana. Basi na rushwa usiiguse. Mtume (s.a.w.) amemlaani anayetoa na anayepokea.

Ila kusubiri si kukaa bure. Someni Surat Al-Qasas: Nabii Musa (a.s.) alifika Madyan hana kazi wala mwenyeji. Akawanyweshea mabinti wawili mifugo yao bila ujira, akakaa kivulini, akamwomba Mola wake. Kazi ikamfuata, kwani nguvu na uaminifu wake vilishaonekana.

Nawe kijana, leseni isiishe muda, omba na hospitali binafsi, mikono isisahau kazi. Na sisi wazazi tuache kuuliza "Bado tu?" Tuwaombee dua leo kabla ya kufuturu.

Wabillahi tawfiq.